Maswali ya Wasomaji: Wimbo Mmoja, Tamthilia Tatu

SWALI: Mhariri, salaam. Nina santuri ya nyimbo za Cinderella, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya 1957, pamoja na diski ya toleo la 1997. Nikilinganisha wimbo wa “Ten Minutes Ago” nakwama: kwenye diski unakwenda mbio, na kinanda changu hakipati noti zake. Je, waliubadilisha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salaam nawe. Kabla ya wimbo, kagua diski. Toleo la 1997 lilipigwa kwa filamu, picha 24 kwa sekunde. Diski nyingi za PAL, mfumo wa televisheni uliokuwa ukitumika huku kwetu na Ulaya, huiendesha filamu kwa picha 25. Kasi inaongezeka kwa asilimia 4 hivi, na sauti inapanda kwa takriban saba ya kumi ya nusu toni. Ndiyo maana kinanda kinakukatalia: noti inaangukia katikati ya vitufe viwili. Hakikisha kwa saa. Tamthilia hiyo ni ya dakika 88. Yako ikiishia kwenye 84 na nusu hivi, imeharakishwa. Irudishe kwenye kompyuta kwa kupunguza kasi hadi asilimia 96, na uache sauti ishuke pamoja na kasi. Ukiiagiza programu ishikilie sauti palepale, utakuwa umeponya kasi tu.

Santuri nayo ina lake. Ilirekodiwa studioni tarehe 18 Machi 1957, na tamthilia ikarushwa moja kwa moja tarehe 31 Machi. Kwa hiyo Julie Andrews, Cinderella wa 1957, unayemsikia humo si yule waliyemsikia watazamaji usiku ule. Ukitaka kulinganisha televisheni kwa televisheni, tafuta ile picha ya filamu iliyochukuliwa kwenye kioo cha televisheni wakati wa matangazo. Ni nyeusi na nyeupe, ingawa matangazo yenyewe yalikuwa ya rangi. Nayo ni filamu, basi ipimie muda vilevile.

Sasa ndiyo upime wimbo. Huu ni walzi, mapigo matatu kwa kila hatua. Hesabu pigo la kwanza tu la kila hatua kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili upate hatua kwa dakika. Mpime mwana mfalme peke yake na Cinderella peke yake, maana kila mmoja ana zamu yake. Doh, noti ya msingi ya wimbo, itafute kwenye noti ya kufungia. Ukiitafuta kwenye noti ya kuanzia utapotea.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote haimo kwenye noti. Mwana mfalme anaimba kwamba dakika kumi tu zimepita tangu amwone binti huyu. Mwaka 1957 ni kweli tupu: wameonana kwa mara ya kwanza palepale dansini. Katika toleo la 1965, ambalo Cinderella ni Lesley Ann Warren, mwana mfalme alikwishapita nyumbani kwao akapewa maji ya kunywa. Katika la 1997, Brandy (Cinderella) na Paolo Montalbán (mwana mfalme) walikwishaonana sokoni na kuimba pamoja. Maneno ni yaleyale, ila mtazamaji anajua jambo ambalo mwimbaji halitambui, na ubeti uliokuwa wa furaha tu unapata uchungu kidogo. Kwa hiyo andika kwanza wimbo umekaa wapi katika hadithi na nini kimeutangulia. Kasi na doh vifuate.

SWALI: Nyimbo zilizoongezwa katika matoleo ya baadaye, nani alizitunga? Nasikia Hammerstein, mtunzi wa maneno ya Cinderella, alikuwa amekwishafariki.

JIBU: Ndiyo, alifariki 1960. Rodgers, mtunzi wa muziki, alikuwa hai 1965, na wimbo wa “Loneliness of Evening” aliopewa mwana mfalme ulitoka katika akiba yao: waliuandikia tamthilia yao ya jukwaani South Pacific ya 1949, ukaachwa nje. Mwaka 1997 watengenezaji walichota mbali zaidi. “The Sweetest Sounds”, ule wa sokoni, muziki na maneno ni ya Rodgers peke yake, wa 1962. “Falling in Love with Love”, anaouimba mama wa kambo, ni wa Rodgers wa 1938, na maneno yake ni ya Lorenz Hart, mwenzake wa kabla ya Hammerstein. Hart huuma pale Hammerstein anapobembeleza, na mama wa kambo ndiye hasa anayestahili maneno hayo.