Zamu za Usiku na Watoto Wawili

Swali: Shikamoo, Shangazi. Huu ni mwezi wa tatu tangu niachwe. Ninaishi Likoni, Mombasa, na zamu za usiku za hoteli ya Nyali hunifikisha kivukoni asubuhi, wakati wanangu wawili wanavaa sare peke yao. Nitafute kazi gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache kazi kabla hujapata nyingine. Kwanza omba zamu ya mchana kwa barua, huku ukitafuta nafasi jikoni au ofisini mwa shule, ambayo likizo zake ni zile za watoto. Mahamri nayo huuzika, lakini unga wake hukandwa usiku, na usingizi je? Baba yao asikae kando: Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazazi wote wawili wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la.