Re: Je, wanawake wa televisheni ya zamani walikuwa watangazaji tu?

Dada, umeuliza kama enzi zile wanawake walikuwa wakiwekwa mbele ya kamera tu, basi. Hapana. Ni kweli televisheni ya BBC ilipoanza mwaka 1936 ilichukua watangazaji wawili wanawake, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Lakini mimi ningependa umjue Delia Derbyshire.

Huyu alisoma hisabati na muziki Cambridge. Mwaka 1959 akaomba kazi Decca, kampuni ya kurekodi muziki, akajibiwa kwamba hawaajiri wanawake studio za kurekodi. Akaingia BBC, kwenye kitengo cha kutengeneza sauti kiitwacho Radiophonic Workshop, na mwaka 1963 akapewa karatasi ya mtunzi Ron Grainer yenye muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni cha Doctor Who. Sintesaiza za kununua dukani hazikuwepo. Alirekodi mlio wa uzi mmoja, akabadilisha kasi ya utepe ili apate noti ya juu au ya chini, kisha akakata kwa wembe na kuunganisha kipande kwa kipande, noti kwa noti. Hebu fikiria mikono ile!

Grainer mwenyewe alitaka wagawane malipo. BBC ikakataa, maana wafanyakazi wa kitengo cha Delia hawakutajwa majina. Jina la Delia lilionekana kwenye kipindi chenyewe mwaka 2013, naye alikuwa amefariki 2001. Hilo linaniuma hadi leo.

Na mtayarishaji wa kwanza wa kipindi hichohicho alikuwa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27. Usikilize ule muziki usiku, kwa sauti ya juu kidogo.