Ukurasa "usiotumika" au "usiotumiwa"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko Nairobi, tunaandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu jinsi kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, inavyofuatilia kurasa za kumbukumbu (vipande vidogo ambamo kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa) kwenye hifadhi inayofikiwa moja kwa moja, yaani DAX. Tumekwama kwenye sentensi hii: "Kerneli husubiri hadi kurasa hiyo iwe haitumiki ndipo faili lifupishwe." Mimi nataka "haitumiwi". Mwenzangu anashikilia "haitumiki", eti ndicho Kiswahili fasaha. Nani amepatia?

Jibu: Marahaba. Umepatia wewe, na hapa tofauti si ya mapambo.

Kauli ya kutendeka ina maana mbili. Kikombe kimevunjika: hiyo ni hali. Barabara hii haipitiki: hapo tunasema haiwezekani kuipita. "Kutumika" hubeba zote mbili, na kikikanushwa, maana ya pili ndiyo hutangulia. Ukikuta mlangoni pa lifti pameandikwa "Lifti haitumiki", unashika ngazi. Huelewi kwamba haina abiria kwa sasa, unaelewa imeharibika.

Sasa rudi kwenye kerneli. Kwa kawaida kila ukurasa wa baiti 4096 una rekodi yake ndogo, mara nyingi ya baiti 64, na ndani yake mna hesabu ya wanaoushikilia. Kando na hapo, kerneli huweka orodha ya sehemu za hifadhi zilizoharibika. Kwa hiyo mnahitaji maneno mawili: ukurasa usiotumika ni ule mbovu, usiotumiwa ni mzima, ila hakuna anayeushikilia. Mkiyachanganya, msomaji atadhani kerneli inasubiri hifadhi iharibike.

Na kwa nini isubiri? Katika njia ya kawaida, ukurasa ulio kwenye RAM ni nakala ya kilicho diskini. Faili likifupishwa huku kadi ya mtandao bado inaandikia ukurasa huo, hakuna hatari: nakala itabaki hadi kadi imalize, na nafasi ya diskini itagawiwa faili jingine. Kwenye DAX hakuna nakala. Ukurasa ndio hifadhi yenyewe. Nafasi ikigawiwa mapema, kadi itaandika juu ya data ya mwenyewe mpya. Ndiyo maana kerneli sharti ijue kama kuna anayeutumia, na kauli ya kutendwa ndiyo inayomtaja mtenda kwa "na": ukurasa unaotumiwa na kadi. "Unatumika na kadi" inasikika sana mjini, lakini kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda, msiiandike.

Msikimbilie pia kuandika "hesabu ikifika 0". Kwa miaka mingi ukurasa wa DAX usio na mtumiaji ulisomeka 1, na mpangilio huo umerekebishwa hivi karibuni tu katika Linux. "Usiotumiwa" ni kweli kwa matoleo yote.

Jambo la mwisho, ambalo hamkuuliza. Mmoja ni ukurasa, wingi wake ni kurasa. "Kurasa hiyo" haipo. Andikeni: "Kerneli husubiri hadi ukurasa huo usiwe unatumiwa na kifaa chochote, ndipo faili lifupishwe."