Yale mabaka meusi kwenye Njia Nyeupe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Navua dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwezi ukishazama, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, inaonekana ina mabaka meusi katikati. Je, ni matundu yasiyo na nyota?
Mvuvi, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyota zipo, ila zimezibwa. Hayo ni mawingu ya gesi na vumbi, na vumbi lenyewe ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa wingu. Nimekulia Ujiji, kila asubuhi nilifuta vioo vya karabai za baba. Masizi yake yaliingia kwenye mistari ya vidole, sabuni isiyatoe. Punje za huko angani zinafanana nayo: nyingi hazifiki mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, baadhi ni za kaboni, nyingine za madini kama ya mawe.

Zimo pia molekuli za kaboni zenye pete za pembe sita, kama vijumba vya sega la asali. Mwaka 2018 watafiti waliotumia darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, walitangaza kugundua mojawapo, benzonitrili, katika wingu jeusi la kundinyota la Ng'ombe, lile lenye Kilimia unachokijua.

Mimi hustaajabia zaidi kazi ya punje. Atomu mbili za hidrojeni zikipishana angani ni nadra kushikana. Zikitua juu ya punje baridi, hutambaa, hukutana, huwa molekuli. Hidrojeni nyingi ya mawingu hayo, ambamo nyota mpya huzaliwa, imeungana hivyo.