Kwa anayeanza kuongoza mchezo: fizikia iingie kabla dadu hazijarushwa

Ukianza kusimamia michezo ya kuigiza wahusika, ile yenye majoka, wachawi na mapango, iko siku mchezaji atakujia na hesabu. Atakuambia hivi: katika Dungeons & Dragons raundi moja ni sekunde 6, na kanuni zinamruhusu mtu kukaa tayari, akipokea kitu akipitishe kwa mwenzake papo hapo. Basi wanakijiji 2,000 wakijipanga mstari mmoja, futi 5 kila mmoja, mkuki utatoka mwanzo wa mstari hadi mwisho ndani ya sekunde 6. Hizo ni kilomita 3. Mkuki utakuwa unakwenda mita 500 kwa sekunde, kuishinda hata sauti, na ngome ya adui itapasuka.

Mara ya kwanza kuletewa hoja hii nilibishana na mchezaji wangu karibu saa nzima, na wenzake wanne wakabaki wanatutazama. Sikuwa nimeona kosa liko wapi. Alitumia kanuni za mchezo kuufikisha mkuki mwisho wa mstari, halafu akazitupa kanuni na kushika fizikia ili apate kishindo. Ukishika fizikia tangu mwanzo, hakuna mkono wa mtu utakaoudaka mkuki wenye kasi hiyo na kuusukuma mbele. Ukishika kanuni hadi mwisho, mwanakijiji wa mwisho anarusha mkuki kama mikuki mingine na dadu ni zilezile. Mwambie mchezaji achague njia moja, na mwendelee. Mwongozo wa msimamizi uliotoka mwaka 2024 nao unasema wazi kuwa kanuni si fizikia, na mfano wake ni mkuki huohuo wa kupokezana.

Hilo lisikufanye uone fizikia haina kazi kwako. Chukua suala la kuanguka: majeraha huhesabiwa kwa dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10. Wanaoanza hupenda kuisahihisha kanuni hii, eti anayeanguka huzidi kuongeza kasi, kwa hiyo majeraha nayo yapande upesi zaidi. Wanachosahau ni kwamba mwili unapofika chini unakutana na nishati yote ya anguko, na nishati hiyo inakwenda sawa na kimo. Kimo kikiwa mara mbili, nishati ni mara mbili, ingawa kasi imepanda mara 1.4 tu. Kanuni waliyotaka kuirekebisha iko karibu na ukweli kuliko marekebisho yao. Inapoachana na ukweli ni kwenye kikomo chake, dadu 20 kwa futi 200, kwani mtu halisi akiwa hewani huendelea kuongeza mwendo hadi kilomita 200 kwa saa hivi.

Kuhusu majoka, usijitese. Galileo alikwishaeleza mwaka 1638: ukikuza mnyama mara mbili kila upande, uzito unapanda mara nane, lakini eneo la mkato wa mifupa yake linapanda mara nne tu. Eneo la mbawa nalo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana tandawala mkubwa wa Serengeti, mmoja wa ndege wazito kuliko wote wanaoruka leo, hafiki hata kilo 25, na bado hukimbia kwanza ndipo apae. Joka la tani tano halipai kwa mbawa. Sema ni uchawi unaolibeba, ulimalize hapo. Ila ukishasema, lishike neno lako: wachezaji wakipata mahali uchawi unapozimika, joka likipita juu yake lianguke. Kwangu walitumia vikao vitatu kulivuta joka hadi mahali kama hapo, na vilikuwa vikao vizuri mno.

Ninapokuomba uweke nguvu zako ni kwenye maandalizi, ukiwa peke yako na daftari. Badili jambo moja la dunia yako, kisha lifuate bila huruma mpaka kwenye maisha ya watu. Mimi niliwahi kuchora mwezi mkubwa juu ya mji wa bandari kwa sababu ya uzuri wake tu. Nilisema uko nusu ya umbali wa mwezi wetu. Mchezaji mmoja aliyekulia pwani akauliza kuhusu bamvua, yale maji makubwa ya bahari: “Bamvua hapa hufika wapi?” Sikuwa na jibu. Nikaahirisha swali, nikaenda kukokotoa.

Nguvu ya mwezi ya kuvuta maji hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Nusu ya umbali ni mara nane ya mvuto. Zanzibar, maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Pwani kama hiyo chini ya mwezi wangu ingepata zaidi ya mita 20. Mwezi wenyewe ungezunguka dunia kwa siku zisizofika 10, na maji yangejaa kila baada ya saa 13 na ushei badala ya 12 na ushei.

Mji wangu ulikuwa chini ya maji. Ilinibidi niuhamishe wote juu ya mwamba, na hapo ndipo ulipoanza kuishi. Mashua zikawa zinalala ubavu kwenye tope, mbali kabisa na gati, nusu ya siku. Magendo yakawa yanapita kwa miguu juu ya sakafu ya bahari, na wapitishaji wanajua dakika ya kugeuka. Gereza likajengwa kwenye kisiwa kinachofikika mara moja tu kila baada ya saa 13 na ushei.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kwetu jua nalo huvuta maji, kwa nguvu isiyofika nusu ya mwezi. Vikivuta pamoja tunapata bamvua, vikipingana tunapata maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Mwezi ukiwa na nguvu mara nane, mchango wa jua unamezwa, na kujaa kwa leo kunakaribia kuwa sawa na kwa juma lijalo. Kikao kilichofuata, yule mchezaji wa pwani alimuuliza mvuvi mzee wa mji ni siku gani za maji mafu atakazoweza kuvuka kwa usalama. Nikamjibu kwa sauti ya mzee: “Maji mafu ndiyo nini, mwanangu?”