Mnyoo Akiingia Kwenye Netiweki ya Ofisi, Chomoa Waya Kwanza

Mimi ni fundi kompyuta hapa Dodoma, na ofisi nyingi ninazoitwa zimefungwa mtandao haraka haraka, swichi (kile kiboksi kinachounganisha waya za mtandao) iko chini ya meza imejaa vumbi, mashine zote kwenye netiweki moja na pasiwedi ya admini hadi mlinzi anaijua. Siku mnyoo, yaani programu mbaya inayojisambaza yenyewe, akiingia wanachokwambia kwenye simu ni "fundi, mtandao unagoma", ukifika unamkuta kijana wa ofisi anahama mashine hii kwenda ile na antivairasi kwenye flashi.

Hapo ndo pa kumsimamisha. Virusi wa kawaida anasubiri mtu afungue faili, mnyoo yeye hamsubiri mtu, anatafuta mwenyewe mashine yenye upenyo anaingia, kwa hiyo ukisafisha hii na waya umechomekwa ile ya pembeni inakurudishia hata hujainuka kwenye kiti. Mnyoo Slammer wa Januari 2003 alikuwa anakaa kwenye memori tu, ukiristati seva kapotea, lakini ukiirudisha hewani bila apdeti anaingia tena, na yule alishapata mashine nyingi zenye upenyo wake duniani kwa dakika kama 10 hivi. Sasa wewe na flashi yako utamuweza? Tena flashi yenyewe inabeba, mnyoo Conficker wa 2008 alipita sana humo.

Kwa hiyo zima swichi, chomoa rauta, na waifai pia maana laptopu huwa zinasahaulika. Kompyuta zenyewe ziache zinawaka, kuna ushahidi kwenye memori unaopotea ukizima, labda uone mafaili yanafungiwa kwa kufuli la siri mbele ya macho yako, hayafunguki tena, hapo vuta umeme tu. Bosi atalalamika kazi zimesimama, mwache alalamike.

Baada ya hapo jua kwanza ni mnyoo gani na anapita wapi. Mashine inayogonga anwani nyingi kwenye poti ileile (mlango wenye namba ambao data inapitia) ndo ya kuanza nayo. Mnyoo WannaCry alipita poti 445, akasambaa tarehe 12 Mei 2017 wakati Microsoft walishatoa apdeti tangu Machi 14, miezi miwili kasoro siku mbili! Najua watu wanazima apdeti kuokoa bando, sawa, lakini shusha mara moja kwenye mashine safi kwa mtandao mwingine, choma kwenye DVD, zungusha ofisi nzima. Na usifunge kila kitu kwa hasira: WannaCry alikuwa anatafuta domeini fulani (jina la tovuti), ikimjibu anaacha kazi, mtafiti wa usalama wa kompyuta Marcus Hutchins akaisajili na mnyoo akapunguzwa makali, kwahiyo aliyeiblock kwenye fayawoli yake alijiumiza mwenyewe.

Ukiona ni kubwa toa taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta, wako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kazi yao ndo hiyo. Usione aibu, hata CERT ya kwanza kule chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilianzishwa baada ya mnyoo wa Morris wa Novemba 1988.

Kurudisha sasa, seva kwanza, halafu mashine chache chache huku unaangalia trafiki, ikianza tena kugonga gonga unachomoa. Ila kabla hujachomeka hata moja badilisha pasiwedi za admini zote, kila mashine na yake, maana Conficker alikuwa anakisia zile rahisi rahisi anaingia kwa mlango wa mbele, na hapo apdeti zako zote hazikusaidii kitu.