"Nilianguka Ngazini": Majibu kwa Wanaopigwa na Wanaotaka Kuwasaidia

Barua na jumbe zenu za mwezi huu nimezisoma zote, nyingi usiku nyumba ikishatulia. Zaidi zimetoka Lamu kisiwani, chache Malindi na Gongoni, zote huku kwetu Pwani ya Kenya. Majina nimeyaondoa na mitaa nimeificha, maana kwetu mtu hutambulika hata kwa idadi ya watoto wake. Karibu kila mmoja wenu ameuliza, kwa njia yake, kama kutafuta msaada ni kuvunja nyumba. Kutibiwa si talaka. Kuandikisha taarifa polisi si talaka. Hata kupata amri ya mahakama ya kumzuia mtu asikupige si talaka. Someni majibu mkiwa na hilo moyoni.

"Mume wangu hunipiga tangu nilipobeba mimba ya pili. Hapa kisiwani nikiingia kituo cha polisi saa nne asubuhi, adhuhuri mama mkwe ameshajua. Nianzie wapi pasipo na macho ya watu?" (Mama wa watatu, Lamu)

Anzia hospitali, mama. Hakuna anayeshangaa mwanamke mwenye watoto akionekana hospitali. Mjini mna King Fahd, walio Pate wana ya Faza, walio bara wana ya Mpeketoni. Ila ukifika, sema kweli.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya jambo nililoliona. Nyumba zetu za mawe zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, na kila ukoo una shangazi aliyewahi kuteleza. Kwa hiyo "nilianguka ngazini" ni neno linalopita bila kuulizwa mara mbili. Nilimsindikiza mwanamke mmoja mahakamani, taya lake bado halifungiki vizuri. Wakili wa mumewe akainua karatasi ya hospitali, akasoma polepole maneno mawili yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: "Alianguka ngazini." Mwanamke yule alikuwa ameyasema mwenyewe, mume akiwa amesimama nyuma yake dirishani. Tangu siku hiyo, kila anayenijia namwambia amwombe muuguzi waingie ndani wawili tu. Sema, "Nataka kuonwa peke yangu." Ni haki yako, na wauguzi wengi wataelewa hata kabla hujamaliza. Kisha taja aliyekupiga, kwa kitu gani, lini, na kama si mara ya kwanza. Hayo yakishaandikwa yatakungoja, hata ukikaa mwaka mzima kabla ya kuamua utakalo.

Ukiwa tayari kwenda polisi, si lazima kiwe kituo cha mtaani kwako ambako askari hunywa kahawa baraza moja na shemeji yako. Waweza kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, au ukaandikisha Malindi siku uliyokwenda kwa shughuli nyingine. Uliza dawati la jinsia, meza ya kituoni inayopokea kesi za ukatili kama huu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba uandikiwe taarifa na askari wa jinsia yako, na inamtaka askari akueleze njia zote za msaada zilizopo, pamoja na matibabu na pa kujihifadhi. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mtumie dada yako kwa simu, halafu ufute ujumbe. Halafu omba fomu ya polisi ya P3, ambayo ni bure, umpelekee daktari ajaze majeraha, na ubaki na nakala.

Kama hata hospitali ni mbali leo, piga 1195. Ni simu ya bure, mchana na usiku, kwa ajili ya ukatili wa kijinsia nchini kote. Ukimaliza kuongea, futa nambari kwenye simu yako.

"Wazee wametusuluhisha mara mbili. Mara ya pili aliandika karatasi kwamba hatarudia, chifu akashuhudia. Mwezi uliopita amenivunja mkono. Baba anasema suala liko kwa wazee, nikienda mahakamani nitakuwa nimewavunjia heshima. Ni kweli siwezi?" (Gongoni)

Waweza, dada, na wala huhitaji ruhusa ya wazee.

Nataka nikae hapa kidogo, maana maslaha, yaani kulimaliza jambo kwa wazee bila mahakama, ndiyo yanayowarudisha wengi wenu kwenye kipigo. Sina ugomvi na sulhu. Nimelelewa katika nyumba ambayo babu alikuwa akiitwa kupatanisha watu, na mengi aliyapatanisha vizuri: mipaka ya shamba, deni la mashua, mke na mume walionuniana. Lakini mkono uliovunjwa si kununiana. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na ibara hiyohiyo inaziwekea mpaka: zisivunje haki za binadamu, zisiende kinyume na uadilifu. Kumrudisha mtu nyumbani kwa aliyemvunja mfupa, kwa fidia aliyoipokea baba, sioni itawezaje kuvuka mpaka huo salama. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai hata kama aliyejeruhiwa ni mke, na kesi ya jinai ni ya serikali.

Ile karatasi usiichane. Iliandikwa ili kulimaliza jambo, lakini sasa ni ushahidi wako. Mume alikiri mbele ya chifu kwamba alikuwa akikupiga, akatia saini. Ipige picha, asili umwachie mtu unayemwamini, na nakala upeleke polisi pamoja na karatasi za hospitali.

Baba mwambie kwa adabu, bila kubishana: "Baba, nyinyi mmejaribu mara mbili, Mungu awalipe. Mara ya tatu inamhusu hakimu." Nimeona wazee wakipumua kusikia hivyo. Wengine wao huwa wamechoka pia, hawajui tu namna ya kusema kwamba wameshindwa.

Na kwa wote wanaosoma: aliyebakwa, na hasa mtoto, hana maslaha. Kesi ya namna hiyo haifutwi na wazazi wala wazee, hata wakipokea nini. Uamuzi wa kuisimamisha uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

"Sisi ni Waislamu, nimeambiwa kila kitu kiende kwa kadhi. Kadhi anaweza kumzuia asinikaribie?" (Lamu)

Hapa pana milango miwili, bibi, na watu huichanganya. Kadhi, kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba, anashughulikia hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Ukitaka khului, yaani talaka anayoiomba mke, au kuvunjiwa ndoa kwa sababu ya madhara, au matunzo, huko ndiko. Karatasi za hospitali zipeleke huko pia, kwani madhara ni hoja nzito mbele yake.

Amri ya ulinzi chini ya ile sheria ya 2015 iombe kwa hakimu. Inamkataza mtu kukupiga, kukutisha, kukufuata kazini au kutuma wengine wakusumbue, na mahakama yaweza kukuachia wewe nyumba mnayoishi, au kuagiza askari akusindikize kuchukua vitu vyako. Hatari ikiwa ya karibu, hakimu hutoa amri ya muda kabla hata mume hajaitwa. Akiikiuka, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Kama huwezi kufika mwenyewe kwa ugonjwa au kwa hofu, sheria inaruhusu mtu akuwakilishe.

Milango yote miwili waweza kuiingia kwa wakati mmoja. Anayekwambia kwamba kwenda kwa hakimu ni kuiacha dini, mkumbushe kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema mbora wenu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani mwake.

Wakili wa bure? FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na kazi yao ni kesi za wanawake. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, nao wako Mombasa. Unaweza kuanza kwa simu kabla ya kutafuta nauli.

"Hanipigi. Amenichukulia kitambulisho na simu, pesa za duka langu la viungo anahesabu yeye kila jioni. Hii nayo ni ukatili au najisumbua?" (Malindi)

Hujisumbui. Sheria ya 2015 inataja ukatili wa kiuchumi na wa kisaikolojia kwa majina yake. Waweza kuomba amri ya ulinzi kwa hilo pekee. Kitambulisho andikisha polisi kwamba huna, kisha ufuatilie kingine, maana bila hicho huwezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti.

"Binti wa dada yangu ana miaka 16. Jana usiku ami yake amemwingilia kwa nguvu. Dada amempa maji aoge na anataka tungoje mpaka Ijumaa familia ikutane." (Malindi)

Msingoje Ijumaa. Nilikujibu siku ileile, na narudia hapa kwa ajili ya wengine. Mpelekeni hospitali ya serikali sasa hivi, hata kama ameoga. Hakuna haja ya kupitia polisi kwanza, kwani matibabu hayangoji OB. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Dawa ya kuzuia mimba inafaa ndani ya saa 120, lakini mapema ni bora. Mwambieni muuguzi ni ubakaji, ili ajaze fomu ya PRC, ambayo ni ya huduma kwa waliobakwa tu. Katika hospitali ya serikali huduma hizo hazilipiwi.

Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikunjeni ndani ya bahasha ya karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huozesha na kuharibu ushahidi. Na asibaki nyumba moja na huyo ami hata kwa saa moja. Simu ya watoto ni 116, bure, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu anaweza kumtafutia mahali salama.

Dada yako usimgombeze. Alimpa maji kwa mapenzi ya mama anayetaka uchafu utoke.

"Nimeamua kuondoka, nitalala wapi? Lamu hakuna nyumba ya kujificha niijuayo." (Lamu)

Nyumba za hifadhi Pwani ni chache, na mahali zilipo hapatangazwi kwa makusudi, ili wanaume wasifike. Hufikiwa kwa kupitia 1195, FIDA, afisa wa watoto au dawati la jinsia. Kwa hiyo uliza kabla ya siku yenyewe.

Matayarisho yafanye kidogo kidogo. Kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, dawa, na nauli, vitoke nyumbani kimoja kimoja, vikae kwa mtu asiye ndugu wa mume. Mwanamke mmoja alivitoa kwa wiki tatu ndani ya kikapu cha mikate ya mofa aliyokuwa akimpelekea shoga yake. Kwa kisiwa chetu, fikiria pia mashua: nahodha ni nani, na anamjua nani. Vuka asubuhi pamoja na abiria wengi, ukiwa na mtoto mgonjwa wa kupelekwa Malindi kama sababu, kuliko kukodi boti peke yako ukaulizwa. Mabasi ya Malindi na Mombasa unayapata Mokowe.

Na usimwage siri kwa hasira usiku wa mwisho. Saa ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko zote. Ondoka wakati hayupo.

"Mimi ni mwanamume. Mke wangu hunipiga, safari hii kwa maji ya moto. Nikisema watanicheka." (Malindi)

Pole sana, ndugu yangu. Hauko peke yako: katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume walisema wamepigwa au kuumizwa na mtu tangu walipofika miaka 15. Sheria ile ya 2015 haichagui jinsia, na 1195 ni yako pia. Maji ya moto yatibiwe leo, na useme aliyeyamwaga.

"Jirani yangu anapigwa, sauti napata ukutani. Nikiingilia nitaonekana mmbea. Nifanye nini?" (Lamu)

Ukisikia, gonga mlango. Omba kibiriti, omba chumvi, muulize kama amemwona paka wako. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, hakuna atakayeshangaa, na mkono ulioinuliwa mara nyingi hushuka mgeni akibisha hodi. Ukihisi utadhurika wewe, usiingie. Ita vijana wa mtaa au piga 999. Sheria inamruhusu mtu yeyote anayeshuku ukatili kutoa taarifa.

Kesho yake msubiri awe peke yake, labda mkianika nguo juu ya dari. Usimwambie amwache mumewe, huo ni uamuzi wake, na akihisi unamsukuma atakukwepa. Muulize tu: "Watoto wakilala kwangu leo, itakusaidia?"